Maua Nayo Husikia Baridi

Kipupwe kikiingia, sisi tunaoishi Korogwe na Handeni hukipokea kwa furaha. Jua linapoa, watoto wanalala bila kutokwa jasho, na lile shuka la pili lililokaa sandukuni tangu mwaka jana linatolewa na kuanikwa. Lakini kila mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, tunaulizwa swali moja na akina mama wengi: "Maua yangu ya ndani yananyauka. Nayamwagilia kila siku, na bado yananyauka. Nifanyeje?"

Wengi wanaouliza hivyo ni wenzetu waliotoka huku chini na kuhamia milimani: Lushoto, Bumbuli, Bungu, au mbali zaidi kama Njombe na Makete. Wengine ni wazazi ambao watoto wao wanasoma Ulaya na wameondoka na kijichipukizi cha nyumbani ndani ya begi.

Huenda ukasema, "Maua tu! Si kuna mambo makubwa zaidi ya kuandika?" Subiri kidogo, mama mwenzetu. Kwa mama tunayetaka kukusimulia habari zake mwezi huu, vyungu vinne vya maua vilikuwa jambo kubwa, tena vilikaribia kuleta msiba katika nyumba yake.

VYUNGU VINNE VILIVYOPANDA MLIMA

Mama huyu tulikuwa naye katika kikundi chetu cha akina mama hapa Korogwe. Kwao ni Handeni. Mama yake mzazi alikuwa mpenda maua kwelikweli, na barazani kwake palikuwa na makopo, sufuria zilizotoboka na vyungu vya kila namna. Alipofariki, ndugu waligawana vitu vyake. Binti huyu hakutaka kanga wala vyombo. Aliomba vyungu vinne.

Viwili vilikuwa na kaladiamu. Bila shaka unalijua ua hili hata kama hulijui kwa jina: majani yake ni mapana, yana umbo la moyo kama majani ya magimbi, mekundu katikati na ya kijani ukingoni. Chungu cha tatu kilikuwa na mmea ule unaotambaa ukutani, wenye majani ya kijani yaliyochanganyika na manjano, ambao wengi huuita mani planti. Cha nne kilikuwa na ule wenye majani marefu yaliyosimama wima kama panga, ambao ni wa jamii moja na masale.

Kwa miaka miwili vyungu hivyo vilikaa Korogwe bila tatizo lolote. Kisha mume wake akahamishiwa Lushoto kikazi. Wakahama mwezi wa Juni. Vyungu vilipanda basi pamoja na magodoro. Wakafika Mombo, na kutoka hapo wakaanza kupanda ile barabara ya kona nyingi, kama kilomita 33 hivi kupitia Soni. Anayeijua safari hiyo anajua kwamba Mombo unajipepea, Soni unatafuta sweta, na Lushoto unashuka garini ukiwa umekunja mikono kifuani.

Mwishoni mwa Julai baadhi yetu tulikwenda Lushoto kwa semina ya akina mama. Tulimbebea ndugu yetu kikapu cha machungwa, tukapita kumsalimu asubuhi na mapema. Alitupokea kwa furaha, lakini uso wake ulikuwa umechoka.

"Dada zangu," alituambia, "msinicheke. Nimeshindwa kutunza hata maua ya mama."

Akatuonyesha. Mani planti ilikuwa imelegea, majani yake yana mabaka meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Ule mmea wa panga ulikuwa umeinama, na tulipougusa shina lake chini lilibonyea kama ndizi iliyooza. Kaladiamu moja ilikuwa imekwisha kabisa, udongo wake umelowa chepechepe. Ya pili hatukuiona. Alisema ilikauka wiki ya pili tu baada ya kuhamia, akaisukuma stoo nyuma ya mlango kwa sababu hakuwa na moyo wa kuitupa.

"Nimefanya kila kitu," alisema. "Nawapa maji asubuhi na jioni. Nimewaweka dirishani wapate jua. Na usiku nawawashia jiko."

Tuliposikia neno jiko, sisi ambao kazi yetu ni uuguzi tuliacha habari ya maua. Pale sebuleni, katikati ya vyungu, palikuwa na jiko la mkaa lenye majivu ya usiku uliopita. Chini ya mlango palikuwa pamezibwa kwa matambara. Watoto wawili walikuwa wamelala kwenye godoro karibu na hapo ili nao wapate joto. Tukauliza, "Watoto wanaamkaje?"

Akajibu, "Siku hizi wanaamka wanalia kichwa. Jana mdogo alitapika. Nilidhani ni baridi ya huku."

JIKO LA MKAA SI BLANKETI

Hapa tunaomba kila mama asome polepole, na mwenye jirani asiyejua kusoma amsomee.

Mkaa unapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na haiwashi macho kama moshi wa kuni. Ndiyo maana watu hudanganyika wakidhani kwamba mkaa uliokwisha shika moto vizuri na kuwa mwekundu ni salama. Sivyo hata kidogo. Ukiivuta, hewa hii hushikamana na damu kwa nguvu kuliko hewa safi tunayoihitaji, kama zaidi ya mara 200. Damu ikishajaa sumu hiyo haina tena nafasi ya kubeba hewa safi kupeleka kwenye ubongo na moyo.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili kulegea na usingizi mzito. Dalili kubwa ya kuishtukia ni hii: watu zaidi ya mmoja katika nyumba wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Aliyelala huenda asiamke. Ukiona hivyo, fungua milango na madirisha yote, watoe watu nje kwenye hewa safi, litoe jiko, kisha wapeleke hospitali hata kama wanasema wamepona.

Asubuhi ile tulifanya hivyohivyo. Watoto walitolewa nje, wakapelekwa hospitali siku hiyohiyo, na tunamshukuru Mungu kwamba walirudi nyumbani salama. Mama yao alilia sana. Alisema, "Ningeua watoto wangu kwa ajili ya maua ya mama yangu." Tukamjibu kwamba hakufanya kwa ubaya. Alikuwa na huruma, ila hakuwa na maarifa. Sisi katika wodi ya wazazi, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hatumwashii jiko la mkaa. Tunamfunika kofia, tunamvisha soksi, tunamweka kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, tunamkinga na upepo. Tunalinda joto alilo nalo lisipotee. Mmea nao unahitaji kukingwa kwa njia hiyo. Hauhitaji kuwashiwa moto.

BARIDI HUFANYA NINI NDANI YA JANI?

Wengi tunadhani baridi haiwezi kudhuru mmea mpaka maji yagande. Kwa mimea ya nchi za joto si hivyo. Chukua mfano wa jikoni. Ukiweka ndizi mbivu katika friji, kesho ganda lake limekuwa jeusi. Haikuganda, imeumizwa na baridi tu. Vijumba vidogovidogo vinavyojenga mwili wa mmea vimezungukwa na utando laini wenye mafuta. Mmea wa nchi ya joto ukipata baridi, utando huo hukakamaa kama mafuta ya nazi yanavyoganda kwenye chupa asubuhi ya kipupwe. Utando ukiharibika, maji yaliyomo ndani huvuja, na jani hugeuka jeusi na kulegea.

Mimea mingi ya ndani itokayo nchi za joto huanza kuumia joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi za Sentigredi. Kaladiamu ni dhaifu zaidi. Hata kwenye nyuzi 15 huanza kukunja majani yake. Tena madhara hayaonekani siku ileile. Baridi ya usiku wa Jumatatu huweza kuonekana kwenye jani Alhamisi, na mwenye ua akadhani kuna ugonjwa mpya.

Sasa tupige hesabu ndogo. Kila unapopanda mita 1,000 kwenda juu, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Mji wa Korogwe uko karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari, Lushoto karibu mita 1,400. Maana yake kwa safari ya asubuhi moja ya basi, vyungu vile vilipoteza nyuzi 6 au 7 za joto kwa ghafla, tena katika mwezi wa baridi.

Lakini baridi peke yake haikuviua. Kuna muuaji wa pili, na huyu tunamkaribisha sisi wenyewe.

MWAGILIA KAMA UKO HANDENI

Tulimwuliza ndugu yetu, "Mama alikuwa akimwagilia vipi kule Handeni?"

Akafikiri. Handeni maji ni ya shida, kila mtu anajua. Wako waliokuwa wakiamka alfajiri kwenda lamboni na ndoo kichwani. Mama yake hakuweza kumwaga maji safi kwenye ua. Aliyapa maua maji ya kuoshea mchele, mara moja au mbili kwa wiki, kikombe kimoja kila chungu. Lushoto bomba liko uani. Binti akaona sasa ni wakati wa kuyapa maua ya mama neema ambayo mama mwenyewe hakuipata.

Hapo ndipo lilipotokea kosa. Mizizi ikiwa kwenye udongo wa baridi hufanya kazi polepole, haiwezi kunyonya maji kama kawaida. Kwa hiyo jani hunyauka juu ingawa chini kuna maji tele. Mwenye ua akiona limenyauka anadhani lina kiu, anaongeza maji. Udongo unajaa maji, hewa inakosa nafasi, mizizi inaoza. Kisha jani linanyauka zaidi, naye anaongeza tena maji. Kila kikombe kinachotolewa kwa huruma kinausogeza mmea karibu na kaburi.

Mpenzi msomaji, kama utasahau yote mengine katika ukurasa huu, kumbuka hili: wakati wa baridi, mwagilia kama uko Handeni.

MAMBO YA KUFANYA

Haya ndiyo tuliyomwelekeza, nasi tunakupa wewe pia. Hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

1. Hamisha maua wakati wa joto. Kama unahamia milimani na unaweza kuchagua, yapeleke kati ya Oktoba na Februari ili yazoee kabla kipupwe hakijafika. Kama huna budi kuhama Juni, mwachie ndugu wa huku chini ayatunze hadi joto lirudi.

2. Usisafirishe yote. Kabla ya kuhama kata kipande cha kila mmea upande kwenye kopo au kiriba, umwachie mtu. Mani planti huota mizizi hata kwenye chupa ya maji. Ule wa panga huchipua kutoka kipande cha jani, ingawa huchukua muda mrefu. Ukipoteza cha milimani, mbegu bado ipo.

3. Yaondoe dirishani usiku. Mchana dirisha ni pazuri kwa mwanga. Usiku kioo hupoa kuliko sehemu yoyote ya chumba. Mahali pabaya kabisa ni kati ya pazia na kioo, kwa sababu pazia huzuia joto la chumba lisiufikie mmea. Jua likizama, visogeze vyungu kwenye ukuta wa ndani, hasa ukuta unaopakana na jiko.

4. Usiviweke juu ya sakafu tupu. Sakafu ya saruji hunyonya joto la chungu kama inavyonyonya joto la miguu yako. Weka kipande cha ubao, tofali, au ngata kuukuu chini ya chungu.

5. Angalia upepo. Mmea ulio karibu na mlango unaofunguliwa alfajiri huumia kuliko ulio pembeni, ingawa wote wako chumba kimoja.

6. Pima udongo kwa kidole. Ingiza kidole hadi pingili ya kwanza. Kikitoka na unyevu, usimwagilie leo. Kikitoka kikavu, mwagilia kidogo, asubuhi na si jioni, ili maji ya ziada yakauke kabla ya usiku. Maji ya bomba la milimani ni baridi, hivyo yaweke kwenye ndoo juani kwanza, au uyateke jana yake yakae ndani.

7. Usitie mbolea wala usibadilishe chungu msimu huu. Mgonjwa aliyelala hapewi pilau. Subiri hadi uone chipukizi jipya.

8. Kata kilichooza, acha kilichokauka. Sehemu iliyo laini na yenye harufu ikate mara moja kwa kisu safi, maana uozo husambaa. Jani lililokauka tu au lenye mabaka liache mpaka joto lirudi, kwa kuwa bado linawakinga wenzake.

9. Walio kwenye sakitu. Sakitu ni ule umande unaoganda na kuwa mweupe juu ya majani alfajiri. Wakazi wa Makete na wa karibu na uwanda wa Kitulo wanaujua vizuri. Usiku usio na mawingu, wenye nyota nyingi, ndio wa kuogopwa, kwa sababu mawingu ni kama blanketi na hayapo. Baridi nayo hushuka kama maji, hivyo bondeni huwa kali kuliko kwenye mteremko. Mimea ya barazani iingize ndani. Isiyoweza kuingia, chomeka vijiti kuizunguka, ufunike kwa gunia safi, magazeti au kanga kuukuu bila kugusa majani, na asubuhi ufunue. Huna haja ya kutafuta mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ambayo nchini kwetu ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Kitambaa na karatasi hufanya kazi vizuri zaidi, maana havikusanyi unyevu juu ya jani.

10. Kumbuka watoto. Kaladiamu na mani planti zina utomvu unaowasha vikali mdomo na koo. Unapoviingiza vyungu ndani usiku, viweke mahali ambapo mtoto anayetambaa hafiki.

UA LETU LILILOSAFIRI

Tulipokuwa tukiongea hayo, mmoja wetu alituambia kwamba binti yake anayesoma Ujerumani alimwandikia hivi: mama mwenye nyumba wake ana kijichungu cha maua ya zambarau dirishani. Kila jioni ya majira ya baridi anakihamishia mezani, na anakipa maji yaliyowekwa ndani yapoe au yapate joto la chumba. Binti alipouliza jina la ua hilo aliambiwa Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Yule mama wa Kijerumani alikuwa akilitaja jina la Usambara siku zote, bila kujua kwamba mpangaji wake amekulia chini ya milima hiyo.

Habari hiyo ni ya kweli kuhusu ua hili. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani katika eneo hili, Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, alituma maua hayo kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, aliliandika katika vitabu vya sayansi kwa jina la Saintpaulia. Tangu 2015 wataalamu wameliingiza katika jamii kubwa ya Streptocarpus, lakini jina la zamani bado linatumika madukani. Leo ni miongoni mwa maua ya ndani yanayopendwa sana duniani. Wamarekani wana chama chao cha wapenzi wa ua hilo tangu mwaka 1946. Aina zake za porini zimepewa majina ya kwetu: Amani, Shume, Tongwe, na hata Taita kule Kenya.

Kwa walio Ulaya masharti ni yaleyale: lisikae chini ya nyuzi 15, lisiguse kioo usiku, na majani yake yenye vinyweleo yasimwagiwe maji baridi kwa sababu yatapata madoa yasiyofutika. Hupenda joto la nyuzi 18 hadi 24 na mwanga usio wa jua kali.

Kwa nini hupenda hivyo? Kwa sababu kwao ni kwenye miamba yenye kivuli, ndani ya misitu ya milima hii tunayoiona kutoka Korogwe, pande zote mbili za bonde la Lwengera. Pale hakuna baridi kali wala jua kali. Na hapa ndipo tunapoona aibu kidogo. Yule mama wa Ujerumani analikinga ua letu na baridi kila jioni. Kwao lenyewe, adui wake si baridi bali ni jua. Miti ikikatwa, mwamba unapigwa na jua, kuvu na ukoka wa majimaji unakauka, na ua linakufa mahali lilipozaliwa. Baadhi ya aina zake zimebaki kwenye maeneo madogo sana. Msitu wa Amani ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, nalo ni jambo jema, lakini kuni na mkaa ni mambo yanayoamuliwa jikoni kwetu akina mama. Ukilikuta ua hilo mwituni usiling'oe. Liache na mti wake wa kivuli.

KIAZI KILICHOSAHAULIKA

Turudi Lushoto. Kabla ya kuaga tuliomba kuiona ile kaladiamu ya pili iliyotupwa stoo. Ilikuwa chungu cha udongo mkavu kabisa, juu hakuna hata jani. Tukachimbua kwa kijiko. Chini yake tulikuta kiazi kama gimbi dogo, kikavu lakini kigumu, hakijaoza. Kaladiamu ndivyo ilivyo. Hali ikiwa mbaya huangusha majani yote na kulala ndani ya kiazi chake hadi mambo yawe mazuri. Ile aliyoihurumia na kuimwagilia asubuhi na jioni ilikuwa imeoza. Ile aliyoisahau ilikuwa hai.

Tukakifunga kiazi kwenye gazeti, tukashuka nacho Korogwe pamoja na vipande vitatu vya mani planti ambavyo bado vilikuwa na uzima. Ule mmea wa panga ulikuwa umeoza hadi juu, hatukupata kipande cha kuokoa.

Mwezi wa Oktoba, joto liliporudi, tulikipanda kiazi kwenye kopo barazani. Zilipita karibu wiki tatu bila dalili yoyote. Kisha likatokea jani moja, limejikunja kama sigara, na lilipofunguka lilikuwa jekundu katikati na la kijani ukingoni. Tulimpigia simu. Upande wa pili wa simu palikuwa kimya kwa muda, kisha akauliza, "Dada, mmelipa maji mangapi?"

Tukamwambia, "Kikombe kimoja. Cha maji ya mchele."

Amekubali libaki Korogwe hadi lizae viazi vingine, ndipo apelekewe kimoja wakati wa joto. Jiko la mkaa siku hizi linabaki uani, na watoto wanalala wawili kwenye blanketi moja zito. Nasi tunakuomba, mpenzi msomaji: leo usiku, kabla ya kufunga mlango, angalia kwanza jiko liko wapi. Halafu ndipo uvisogeze vyungu.